Pulka Nyekundu ya Skarvbu

Simu ilimkuta Inspekta Sigrun Vassdal ameegemea ukuta wa kibanda chake cha likizo, uso juani, chungwa mkononi. Ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ambayo watu wote wenye akili timamu katika milima ya Rondane, Norwe, huwa wameegemea ukuta fulani na kushika chungwa fulani. Alikuwa ameshalitoboa ganda kwa ukucha. Akalitia mfukoni vilevile, akavaa koti la kazi juu ya sweta, na kabla hajamaliza kufunga kamba za buti akasikia pikipiki ya theluji ya Konstebo Jostein ikinguruma kupanda kilima.

Jostein alikuwa mtu mnene na mwema ambaye katika miaka yote ya kazi hajawahi kutarajia jema.

"Mtoto kaibwa Skarvbu," alisema bila kuzima injini.

"Nani kamwona mwizi?"

"Hakuna."

"Basi kapotea. Tukimwona mwizi tutabadilisha neno. Hebu sogea mbele, umejaza kiti chote."

Njiani Jostein alimweleza kwa kushindana na injini. Mtoto ni wa kike, anaitwa Eira, hajatimiza mwaka. Wazazi ni Ingvild na Håkon, watu wa Oslo, waliofika kwenye loji ya Skarvbu asubuhi wakiteleza kwa skii, wakimvuta mtoto ndani ya pulka, ile sleji ndogo ya theluji yenye kifuniko inayofungwa kiunoni mwa mzazi kwa vijiti viwili. Mtoto alikuwa amelala. Wakaiegesha pulka nje ya loji, ukutani, wakaingia kula. Walipotoka, pulka haipo na mtoto hayupo.

Sigrun hakuuliza kwa nini mtoto aliachwa nje kwenye theluji. Yeye mwenyewe alilala nje utoto wake wote, na wanawe pia. Kwao mtoto akilazwa ndani mchana, majirani huuliza kama anaumwa.

"Hali ya hewa ikoje?"

"Jioni upepo, na mkali. Helikopta wamesema hawaji, huko juu kumeshaanza kuvuma."

"Mtoto kavaa nini?"

"Sufu juu ya sufu, chini kalalia ngozi ya kondoo. Baridi hii ya sasa anaiweza. Ila upepo ukianza kurusha theluji, na kama hajanyonya..." Jostein hakuimaliza sentensi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mbele ya loji watu walikuwa wametapakaa kila upande. Wengine walikuwa juu ya skii, wengine wakichimba theluji kwa koleo mahali ambapo hata panya asingejificha, na wote wakipaza sauti kuelekea mlimani, "Eira! Eira!" kana kwamba mtoto asiyejua kutambaa sawasawa angeitika. Pasaka ni msimu ambao watu wa nchi hii hujifungia vibandani na riwaya za upelelezi, kwa hiyo Skarvbu nzima ilikuwa imejaa wapelelezi. Bwana mmoja mwenye ndevu alimfuata Sigrun na kitabu bado mkononi, kidole kikiwa kati ya kurasa.

"Inspekta, ningekuwa mimi ningeanza na wivu."

"Na ningekuwa wewe," Sigrun alisema, "ningeanza kwa kumpisha mwenye kazi."

Baba wa mtoto, Håkon, alikuwa kijana mrefu aliyeungua uso kwa jua, akitembea huku na huku bila kofia. Alimpeleka Sigrun kwenye pembe ya ukuta, karibu na mahali wageni wanapochomeka skii zao wima kwenye theluji.

"Tulimwacha hapa. Hapa hapa. Nimeifunga breki mwenyewe."

"Pulka ni yenu?"

"Tumekodi hapa hapa loji, jana. Nyekundu."

"Zote za loji ni nyekundu?"

"Zote."

Sigrun alichutama. Pembe ile ilikuwa kivulini. Asubuhi bila shaka ilipata jua, lakini jua lilikuwa limehama na kuuacha ukuta huu kwenye baridi. Tumbo la pulka lilikuwa limechora mfuo mpana kwenye theluji. Ila mfuo ule haukwenda mlimani wala bondeni. Ulifuata ukuta, ukakata kona, ukaenda upande wa kusini wenye jua, na chini ya dirisha la jikoni ukapotea katikati ya nyayo za watu wengi. Pembeni mwake zilikuwepo alama za viatu laini, vyenye kisigino, viatu vya mtu ambaye hakuja hapa kwa skii.

Aliufuata mfuo, Håkon akiwa nyuma yake, akipiga kelele kwamba muda unakwenda, kwamba polisi wanatazama chini wakati mtoto yuko juu huko. Chini ya dirisha la jikoni kulikuwa na pulka nyingine imeegeshwa juani, kifuniko kimefungwa. Walipoikaribia, Håkon alishusha sauti ikawa mnong'ono, na Sigrun akatembea kwa ncha za buti. Walipoipita, Håkon akapandisha sauti tena palepale alipoishia.

"Ni yule Mhispania! Nimeshawaambia, hakuna anayenisikiliza."

"Mhispania yupi?"

"Yuko ndani. Asubuhi alitusimamia pale mlangoni akasema sisi ni wakatili. Kwamba kwao mtu akiacha mtoto nje hivi anafungwa. Alitusema mbele ya watu wote."

"Kama angemwiba angekuwa bado yuko ndani?"

Håkon alikuwa amechoka kiasi cha kutosha kuamini lolote ambalo lina jina na uso.

Ndani kulikuwa na joto la jiko la kuni na harufu ya kahawa. Ingvild, mama wa mtoto, alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake, mgongo wima, mikono juu ya meza. Hakuwa analia. Mbele ya sweta yake kulikuwa na madoa mawili ya maji yaliyokuwa yakitanuka, na alipoona Sigrun ameyatazama alivuta shali kuyafunika.

"Saa yake ya kunyonya imepita," alisema. "Akiamka na njaa hulia kwa hasira. Si mtoto wa kunyamaza. Kama yuko karibu tungemsikia."

"Mara ya mwisho ulimtazama lini?"

"Kabla ya supu. Nilichungulia kwa dirisha, nikaiona pulka. Nilikula supu yote, Inspekta. Niliongeza."

"Mtu anakula akiwa na njaa. Nani alikuwa humu ndani?"

"Familia mbili. Vijana wale wanne. Yule mama. Mzee mmoja alikuwa anakunywa kahawa pale dirishani, naye alitoka mapema. Wengine sikuwatazama."

Sigrun alimwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo, kisha akaenda jikoni. Oddny, mwenye loji, mwanamke wa mifupa mipana na maneno machache, alikuwa akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Nani katoka hapa na pulka leo?"

"Watu wawili tu. Mmoja simjui, alishuka kuelekea barabarani, Jostein kamfuata sasa hivi. Wa pili ni mzee Asbjørn Skogli, kaenda kwake Grønbotn na pulka aliyoikodi kwetu. Alisema anataka kufika kabla ya upepo. Nilimwona kwa dirisha hili hili akijifunga kamba, nikampungia mkono."

"Alikuwa na mtoto?"

"Mjukuu wake, Brage. Amekuja naye asubuhi, kaondoka naye. Asbjørn namjua tangu nikiwa na meno ya maziwa, Sigrun. Usipoteze muda hapo."

Jostein alirudi punde, theluji ikiwa imeganda kwenye nyusi.

"Nimempata," alisema.

Ingvild alisimama kwa haraka hata benchi likaanguka.

"Hapana, hapana, mama, samahani, nimempata yule mwanamume," Jostein alisema, akawa mwekundu. "Nimemsimamisha, nimemwamuru afungue pulka. Ndani kuna mbwa. Mbwa mzee, ana baridi yabisi, hawezi kutembea, ila mwenyewe anasema milima ndiyo inamweka hai. Kafunikwa blanketi mpaka puani."

"Jostein," Sigrun alisema.

"Mkuu?"

"Siku nyingine anza na mbwa."

Alimwinulia Ingvild benchi lake, akamkalisha, kisha akageukia pembe ya chumba. Pale, mbali na wote, aliketi mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeusi la mjini na viatu laini vyenye kisigino kifupi, vimelowa mpaka kwenye vifundo. Jina lake lilikuwa Remedios. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huku, na binti alikuwa ameenda mlimani na mumewe kuteleza, akimwachia mama yake kiti cha dirishani na mandhari. Meza zilizomzunguka zilikuwa zimehamwa. Sigrun alivuta kiti akakaa naye goti kwa goti. Waliongea Kiingereza, ambacho si cha yeyote kati yao.

"Viatu vyako vimelowa, mama."

"Najua."

"Ulitoka nje na viatu hivyo."

"Nilitoka." Remedios aliyatazama macho ya watu chumbani, kisha akamtazama yeye. "Wewe una watoto?"

"Watatu. Wakubwa sasa."

"Na wewe uliwalaza nje?"

"Wote."

"Basi hutanielewa."

"Nijaribu."

Yule mama alivuta pumzi. "Jua lilimwacha. Nilikuwa nimekaa hapa, nikaona kivuli kinapanda, kinapanda, kinamfikia. Hakuna aliyejali. Wanakula tu. Mimi supu haikupita. Kwa hiyo nikatoka, nikamvuta hadi kwenye jua. Hicho tu. Sikumgusa hata uso."

"Ulimvuta ukamweka wapi?"

"Chini ya dirisha la jikoni. Kulikuwa na mwenzake hapo, nikasema vizuri, watakuwa wawili. Nikarudi nikakaa, nikala supu ikiwa imepoa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Walipoanza kupiga kelele niliwaambia mtoto yupo kule, dirishani. Yule baba akaenda akatazama, akarudi akasema hiyo ni pulka ya watu wengine, ilikuwa pale tangu asubuhi, na mimi nimefanya nini. Baada ya hapo kila mtu ananitazama hivi. Ningesema tena, wangenila nyama."

Jostein, aliyesimama nyuma yake na daftari ambamo hakuwa ameandika chochote, aliona shingo ya mkuu wake ikinyooka polepole.

"Ziliwekwa mbili dirishani," Sigrun alisema.

"Mbili," alisema Remedios.

"Sasa hivi kuna moja."

"Ndiyo. Moja."

Sigrun alisimama katikati ya chumba. Alipiga kijiko kwenye kikombe, na watu walionyamaza ndani walinyamaza zaidi, na waliokuwa mlangoni wakaingia na theluji yao.

"Nina swali moja, na ni rahisi. Pale nje, chini ya dirisha la jikoni, kuna pulka nyekundu, na ndani kuna mtoto amelala. Ni wa nani?"

Familia ya kwanza ilitazama ya pili. Baba wa familia ya kwanza alikuwa na wanawe wawili magotini. "Sisi wetu hawa hapa. Tulidhani ni wa hao wenzetu."

"Wetu anacheza chini ya meza," alisema mama wa familia ya pili. "Sisi tulidhani ni wa Oddny. Mjukuu au nani."

"Mimi sina mjukuu," Oddny alisema kutoka mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. "Nilidhani ni wenu."

"Umeipita pulka ile mara ngapi leo, Håkon?" Sigrun aliuliza.

Håkon aligeuka kutazama upande wa jikoni. "Amelala," alisema mwishowe. "Mtoto wa mtu amelala. Sikutaka kumwamsha."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani alikuwa amefanya hivyo hivyo. Mchana mzima walikuwa wakipasua milima kwa jina la Eira, na kila walipofika chini ya dirisha lile walinong'ona. Walikuwa wamezunguka na koleo na fimbo, wakanyata, wakawekeana kidole mdomoni, wakaendelea. Hata mpelelezi wa serikali alikuwa amenyata. Waswahili husema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, na watu wa Skarvbu, ambao hawajawahi kuisikia methali hiyo, walikuwa wameitii kuliko wenye methali.

Sigrun alitoka nje kwa haraka, watu wakamfuata msururu. Alipiga magoti mbele ya pulka. Akaona vidole vyake vinasita kwenye zipu, akavikemea, akaifungua.

Ndani mlikuwa na mvulana mwenye mashavu ya duara, chuchu ya bandia ikining'inia pembeni ya mdomo. Jua lilimpiga usoni. Alifungua jicho moja, akaona umati umemwinamia, akafungua kinywa na kulia kwa sauti ambayo ilirudishwa na mlima wa mbele.

Ingvild alikuwa amejipenyeza hadi mbele. Alimtazama yule mtoto, na uso wake ulibadilika mara mbili kwa haraka, kwanza ukaanguka, halafu ukashika kitu.

"Huyu si wangu," alisema.

"Si wako," Sigrun alisema, na kugeuza ndani ya kofia ya mtoto, mahali ambapo kina mama wa nchi hii hushona jina kwa ajili ya chekechea. Aliwaonyesha wote. Iliandikwa Brage.

Oddny aliketi juu ya theluji kama alivyo, na aproni yake.

"Mungu wangu," alisema. "Nilimpungia mkono."

Hakukuwa na mtandao wa simu Grønbotn, haujawahi kuwepo, na Asbjørn alikuwa miongoni mwa waliopiga kura ili usiwepo. Jostein alifunga sleji ya uokoaji nyuma ya pikipiki. Ingvild aliingia humo bila kuuliza ruhusa, akaweka Brage ndani ya koti lake, na Håkon akajifunga skii kuwafuata ingawa kila mtu alimwambia hatafika nao.

"Mkuu," Jostein alisema, "kama kaamka huko njiani? Namaanisha kama mtoto kaamka, kalia, naye akafungua akaona si wake, akageuza, halafu upepo..."

"Endesha."

"Nasema tu kama."

"Jostein, ukimaliza kusema tu, endesha."

Njia ya Grønbotn hupita juu ya ziwa lililoganda, ikielekezwa na matawi yaliyochomekwa kwenye theluji mmoja baada ya mwingine. Theluji nyepesi ilikuwa imeshaanza kutambaa chini chini juu ya barafu, na baadhi ya alama zilikuwa zimefutika. Sigrun alikaa nyuma ya Jostein na kutazama chini. Katikati ya ziwa palikuwa bado na mfuo wa pulka, na kila upande wake mstari mpana wa skii za mbao za zamani ambazo vijana hawazigusi. Mzee alikuwa amekwenda mwendo mmoja, bila kusimama popote. Sigrun alimgonga Jostein bega na kumwonyesha.

"Hajasimama," alipiga kelele. "Anayesikia mtoto analia husimama."

"Au kaziba masikio kwa kofia!"

Nyuma yao, Brage alikuwa amenyamaza. Sigrun aligeuka mara moja akaona kwa nini. Ingvild alikuwa amefungua sweta na shali, na mtoto wa mtu mwingine alikuwa akinyonya kwa nguvu zote, ngumi yake ndogo ikiwa imeshika kola ya mama yule. Ingvild alikuwa akitazama mbele tu, kwenye mfuo. Sigrun aligeukia mbele tena na kuwaacha.

Kibanda cha Grønbotn kilikuwa nyuma ya kilima, mgongo wake kwa upepo. Moshi ulikuwa unatoka. Jostein alizima injini, na mara ukimya ukawafikia wote watatu kwa pamoja. Kwenye benchi la ukutani, upande uliokingwa, ambapo jua la mwisho lilikuwa bado linagusa mbao, aliketi mzee mwembamba mwenye sweta lililoliwa na nondo, kikombe cha kahawa pembeni. Alipowaona, hakuinuka. Aliinua kidole kirefu, akakiweka mdomoni.

"Mna wazimu kuja na dude hilo hapa?" alinong'ona kwa hasira. "Mtoto amelala."

Pulka nyekundu ilikuwa miguuni pake, kifuniko kimefungwa.

Sigrun alitembea kwa ncha za buti. Safari hii alijua kwa nini.

"Mzee Asbjørn," alinong'ona, "mjukuu wako anaitwa nani?"

"We binti vipi? Brage."

"Kalala tangu lini?"

"Tangu Skarvbu. Mtulivu leo ajabu. Siku nyingine hunisumbua ziwa zima. Nikasema, hewa nzuri." Alimtazama Jostein, kisha sleji, kisha mwanamke aliyekuwa akishuka na mtoto kifuani. "Kuna nini? Ni Liv? Binti yangu kaumia huko mlimani?"

"Liv hajambo. Ulifungua kifuniko njiani?"

"Nimfungulie baridi? Mtoto aliyelala? Mimi nimelea wanne, sijazeeka hivyo." Kidole kilikuwa bado hewani. "Pulka ilikuwa chini ya dirisha la jikoni, pale pale nilipoiacha."

"Zilikuwa mbili, mzee."

"Mbili zipi?"

Ingvild alikuwa amefika. Alimkabidhi mzee mtoto bila neno. Asbjørn alipokea, akatazama chini kwenye mikono yake, na akaona Brage, amelala, maziwa kidevuni. Mzee alitazama uso ule muda mrefu. Halafu akaitazama pulka miguuni pake kwa hofu.

"Sasa," alisema kwa sauti iliyokauka, "nimekaa nikimlinda nani?"

Ingvild alipiga magoti kwenye theluji. Alivuta zipu polepole, jino baada ya jino. Kofia ya sufu ya kijani ilitokea kwanza, kisha paji la uso, kisha pua ndogo yenye unyevu. Eira alikuwa amelala chali, mikono yote miwili juu ya kichwa. Mashavu yalikuwa ya moto. Ingvild aliyagusa kwa mgongo wa kidole, na mtoto akatafuna hewa mara mbili, akaendelea.

Jostein, ambaye hakuwahi kutarajia jema, alivua kofia na kujifuta uso nayo.

Mikono ya Ingvild ilikwenda mbele kumnyakua. Kila mtu aliiona ikienda. Ilifika juu ya ngozi ya kondoo, ikasimama hapo, upana wa kiganja kutoka kwa mtoto. Kisha akairudisha. Alikaa chini kwenye theluji, akaegemea ukuta, akaweka mkono mmoja juu ya ukingo wa pulka na mwingine akaujaza mdomoni, na akalia hivyo, mabega yakiruka, bila sauti hata kidogo.

"Mchukue, mama," Jostein alinong'ona. "Ni wako."

Ingvild alitikisa kichwa.

"Hajamaliza usingizi," alisema.

Asbjørn alisogea kwenye benchi kumpisha Sigrun. Alikuwa amemkumbatia Brage kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kikombe cha udongo cha watu. "Liv ataniua," alinong'ona.

"Atakuua, mzee."

"Atahadithia jambo hili mpaka nifike kaburini. Kila Pasaka."

"Kila Pasaka," Sigrun alikubali. "Na kuna bibi Mhispania Skarvbu ambaye una deni la kumwomba radhi. Sisi sote tunalo. Alikuwa peke yake aliyechungulia nje kwa dirisha akaona mtoto kivulini."

Mzee alifikiri. "Anakunywa kahawa?"

"Muulize mwenyewe."

Juu ya kilima, mbali, alionekana Håkon akija kwa skii, fimbo zikipiga ovyo, akaanguka, akainuka. Alipokaribia alifungua mdomo kuita. Watu wanne kwa wakati mmoja, mama, mzee, konstebo na mpelelezi, waliinua kidole mdomoni. Håkon alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona mke wake, akaona mkono wake ulipo, na akaangusha fimbo zote mbili kwenye theluji laini bila mlio.

Upepo ulikuwa unavuma upande wa pili wa kibanda, lakini huku ukutani bado kulikuwa kimya. Sigrun aliingiza mkono mfukoni akatoa chungwa. Lilikuwa limeganda nusu. Alilimenya taratibu, akaligawa, kipande kwa kila mtu, na wakala bila kusema wakisubiri Eira aamke.